Kanuni Mbili za Wodi ya Tatu

Kwa mujibu wa tangazo la Uongozi wa Hospitali, lililobandikwa Jumanne saa tano asubuhi kwenye ubao wa ghorofa ya chini, likiwa na mihuri miwili na sahihi moja isiyosomeka, imethibitishwa pasi na shaka yoyote kwamba mfumo wa kengele wa wodi ya tatu ulikuwa mzima saa zote. Kwamba hakuna kengele hata moja iliyoshindwa kulia. Na kwamba kifo cha mgonjwa wa kitanda namba sita, mwalimu mstaafu, kilitokana na ugonjwa aliokuja nao mwenyewe. Uongozi ulitoa pole kwa familia na kuwaomba wananchi waendelee kuwa na imani.

Mwanamke aliyesimama mbele ya ubao alilisoma tangazo hilo mara mbili, ya kwanza kama mke wa mgonjwa, ya pili kama mtu aliyeutengeneza huo mfumo. Mara zote mbili alishusha pumzi. Mumewe alikuwa amelazwa kitanda namba tisa cha wodi hiyohiyo tangu Jumapili, kwa nimonia, na tangu mwalimu afariki jana yake saa nne asubuhi, mchana kweupe, wodi nzima ikiwa macho, alikuwa na wasiwasi. Sasa ulimtoka. Kama kengele hazikushindwa, basi baba watoto yuko salama. Baadaye alikuja kujilaumu zaidi kwa pumzi hizo mbili kuliko kwa jambo jingine lolote, ingawa hakuna tume iliyomuuliza habari zake.

Pale hospitalini walimwita Mama Kanuni. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, miwani yenye mkono mmoja uliofungwa kwa uzi, na chumba cha kazi kilichobanwa kati ya chumba cha kufulia na stoo ya vitanda vibovu, kiasi kwamba alijua saa kwa mtikisiko wa mashine ukutani. Aliajiriwa miaka kumi na tisa nyuma kama karani wa majalada. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa iliwekwa mezani kwake kwa sababu meza yake ndiyo iliyokuwa karibu na soketi. Huo ndio ulikuwa usaili wake wote. Akajifunza kuandika programu kwa vitabu vilivyokosa majalada, usiku kwa mchana, mpaka akawa yeye peke yake ndiye idara ya programu: mkuu wake, na wote walio chini yake.

Kengele zilikuwa kazi yake kubwa. Kila mgonjwa wa wodi ya tatu hubanwa kidoleni kibanio kidogo chenye taa nyekundu kinachopima oksijeni ndani ya damu. Ikishuka chini ya tisini, kengele inalia na skrini ya meza ya wauguzi inageuka nyekundu. Kwenye karatasi ni jambo jema. Wodini, kibanio huteleza, vidole hupoa, mgonjwa hugeuka kujikuna, na kengele haijui kutofautisha mtu anayekata roho na mtu anayekuna goti. Wodi ililia mchana kutwa. Kila wiki wauguzi walishuka kwake: mama, hii ipunguze, mama, ile ituache tupumue, mama, kitanda cha pili kimelia mara thelathini na mgonjwa mwenyewe anacheza karata.

Ndipo akapata wazo lililompa jina. Kwa nini wauguzi wasiandike kanuni zao wenyewe? Akatunga lugha ndogo, ya maneno arobaini tu, ambayo mtu yeyote aliyepita shule angeweza kuisoma kwa sauti: IKIWA hivi NA vile BASI nyamaza. Mwanzoni programu ilizisoma kanuni hizo mstari kwa mstari, kila sekunde, kama mtu anayesoma risala mbele ya mgeni rasmi, na kompyuta kuukuu ya wodi ikawa inachelewa. Kengele iliyochelewa sekunde saba si kengele tena, ni taarifa ya habari. Kwa hiyo akafanya jambo ambalo fundi mwenye vyeti angelifikiria mara mbili. Alichukua kompaila nzima, yaani ile programu inayogeuza maneno ya watu kuwa amri za mashine, akaipachika ndani ya programu ya kengele. Kompaila kwa kawaida hukaa kwa mafundi, kama cherehani inavyokaa kwa mshonaji. Ya kwake ilikaa ndani ya nguo yenyewe. Muuguzi akiandika kanuni na kubonyeza kitufe, kufumba na kufumbua, kengele imeshonwa upya, na hakuna fundi aliyeitwa.

Na kwa kuwa kompyuta ilikuwa kuukuu, aliipa kompaila yake tabia moja zaidi: kupogoa. Ikiona sehemu ya programu ambayo, kwa kanuni zilizopo, mashine haitaifikia kamwe, iikate na kuitupa, isibebe mzigo wa bure. Ilikuwa ikipogoa inaonya kwa maandishi ya njano: *sehemu hii haitafikiwa*. Haikupita wiki, Sista Mkuu wa wodi ya tatu akashuka mwenyewe.

"Mama Kanuni, hayo maandishi ya njano yanawatisha wasichana wangu. Wanadhani wameharibu kompyuta."

"Hawajaharibu, dada. Ni onyo tu."

"Onyo la nini?"

"Kwamba kuna kitu hakitafanya kazi."

"Sasa kama hakitafanya kazi, kinatuhusu nini? Tuondolee bwana."

Hoja ilikuwa na mantiki yake. Akayaondoa. Ilimchukua dakika mbili, na akaletewa soda baridi kwa shukrani.

Hayo yalikuwa miaka mitano iliyopita. Jumanne ya tangazo, saa saba mchana, muda wa kutazama wagonjwa ulipofika, alipanda ngazi na chupa ya chai mkononi na imani yake mpya kifuani. Wodi ya tatu ina vitanda kumi na viwili, sita kila upande, na madirisha yaliyopakwa rangi nyeupe nusu ya chini ili wagonjwa waone mbingu tu. Kitanda namba sita kilikuwa kimeshatandikwa, shuka limevutwa hadi likakosa mkunjo. Kwingine watu walikuwa wanaongea, vijiko vinagonga vikombe, mtu anacheka karibu na mlango. Hata hivyo palikuwa na kitu kimepungua, na hakukijua mara moja, kama vile mtu asivyojua kwamba saa ya ukutani imesimama mpaka aitazame.

Mumewe alikuwa fundi kufuli, mtu mwembamba mwenye maneno mengi. Nimonia ilikuwa imempunguzia pumzi, maneno bado.

"Karibu, bibie. Umekuja kunitazama mimi au mashine yako?"

"Wote wawili. Umekula?"

"Nimekula. Chakula cha hapa kinatibu njaa. Ukikiona tu, imekwisha."

Akammiminia chai. Kisha akageuza macho kuelekea kile kitanda kitupu, na mumewe akashusha sauti.

"Alikuwa anajaza fumbo la maneno kwenye gazeti. Akaiweka kalamu sikioni, akaegemea mto. Mimi hapa namwona na namba yake naiona. Themanini na nane. Themanini na tano. Inashuka taratibu kama mzee anayeshuka ngazi. Nikasema moyoni, sasa hivi italia."

"Ikalia?"

"Haikulia. Nikasema basi, si namba mbaya hiyo. Ingekuwa mbaya ingelia. Nikageukia ukutani nikalala." Akanywa chai. "Kaitengeneza mke wangu. Mimi ni nani nibishane nayo?"

Alilisema kwa utani, kama alivyosema mambo yake yote, pamoja na posa. Mama Kanuni hakucheka.

"Tangu Jumapili umesikia kengele ngapi humu ndani?"

Mumewe akainua vidole kuhesabu, akavitazama, akavishusha.

"Unamaanisha ile ya chakula?"

Jumatano asubuhi alifunga mlango wa chumba chake na kuzifungua kanuni za wodi ya tatu. Zilikuwa sitini na tatu. Hakushangaa wingi wake. Zamu za wodi zina adabu zake: kila zamu huandika kanuni zake, na kufuta kanuni ya zamu nyingine huhesabiwa kama kuingia jikoni kwa mwenzio na kufunua sufuria. Kwa hiyo kanuni ziliongezeka tu. Na kila iliyoandikwa ilifanya kazi saa zote, kwa sababu katika maneno yake arobaini Mama Kanuni hakuwahi kuweka neno la zamu. Hakuna aliyeliomba.

Alizisoma kwa kidole. Ya arobaini na moja iliandikwa na zamu ya asubuhi: IKIWA oksijeni CHINI YA 90 NA mgonjwa ANAJISOGEZA BASI nyamaza. Pembeni, palipoachwa nafasi ya sababu, palisomeka: *anaogeshwa, kibanio kinateleza.* Ilikuwa kweli tupu. Angeipitisha yeye mwenyewe. Akaendelea. Ya hamsini na nane iliandikwa na zamu ya jioni: IKIWA oksijeni CHINI YA 90 NA mgonjwa HAJISOGEZI BASI nyamaza. Sababu: *kasinzia, vidole vimepoa.* Nayo ilikuwa kweli.

Ukutani mashine ya kufulia ilianza mzunguko wake wa kukamua. Magodoro ya wodi yana kifaa kinachojua kama aliyelala juu yake anajisogeza au hajisogezi. Mtu hujisogeza, au hajisogezi. Hakuna hali ya tatu; hata maiti ina upande wake.

Katika wauguzi ishirini na wawili wa wodi ile, hakuna aliyewahi kuzisoma kanuni zote sitini na tatu kwa mkupuo. Aliyezisoma alikuwa mmoja tu, naye alizisoma kila mara kitufe kilipobonyezwa, bila kuchoka, neno kwa neno. Kompaila ilikuwa imeelewa jambo ambalo hakuna zamu iliyoliandika: kwamba kengele ya oksijeni ya wodi ya tatu haitalia kamwe, kwa mgonjwa yeyote, kwa namba yoyote. Ikafanya ilivyofundishwa. Mama Kanuni alifungua amri ambazo kompaila ilikuwa imeziandikia mashine, akazifuata hadi mahali ambapo kengele ilipaswa kuwa. Palikuwa pamepogolewa vizuri. Na ile amri ya kuifanya skrini iwe nyekundu, iliyokuwa kwenye tawi hilohilo, ilikwenda nalo. Alikumbuka kwamba miezi michache nyuma mfumo wa wodi hiyo uliongezeka kasi kidogo, na kwamba Mkurugenzi alimpongeza kwenye kikao.

Aliusogeza mshale hadi kwenye kanuni ya hamsini na nane, akabonyeza *futa*. Skrini ikajibu kwa heshima: *Huna ruhusa.*

Ofisi ya Mkurugenzi ilikuwa ghorofa ya juu kabisa, mahali ambapo kelele za wagonjwa hazifiki hata kengele zikiwa nzima. Alimpokea akiwa amesimama.

"Mkuu, kengele ya oksijeni ya wodi ya tatu haipo."

"Imeibiwa?"

"Hapana. Spika ipo, waya zipo. Amri ya kuiliza ndiyo haipo ndani ya programu. Kompaila imeikata."

"Nani aliiambia ikate?"

"Mimi. Miaka mitano iliyopita."

Mkurugenzi akaketi. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliomfikisha ghorofa ile.

"Mama, nisikilize. Tangazo limeshatoka. Linasema hakuna kengele iliyoshindwa kulia. Je, kuna kengele iliyojaribu kulia ikashindwa?"

"Hapana. Hakuna iliyojaribu."

"Kwa hiyo tangazo ni la kweli."

"Ni la kweli, Mkuu. Ndiyo maana naogopa."

"Tume inakuja Jumatatu. Mpaka wamalize, mfumo usiguswe. Ndiyo maana nimewafungia mafundi wote ruhusa ya kuandika. Ni kwa ajili ya kulinda ukweli."

Mafundi wote walikuwa wamesimama mbele yake, na miwani yao ilikuwa imefungwa kwa uzi.

"Na wauguzi?"

"Wauguzi wao hawagusi mfumo. Wanaandika kanuni tu. Kanuni si mfumo, mama, ni maelekezo."

Akataka kumweleza kwamba kanuni ndizo mfumo, kwamba kila neno linaloandikwa mle huamka likiwa mashine, kwamba ndivyo alivyolijenga jambo lenyewe na ndilo alilopongezwa kwalo. Badala yake alisema, "Mume wangu yuko kitanda namba tisa."

"Nimesikia, pole sana. Yuko mikono salama."

"Ahamishiwe wodi nyingine."

"Zimejaa." Mkurugenzi akasimama tena, maana yake mazungumzo yamekwisha. Na hata zingekuwa na nafasi, alifikiri Mama Kanuni akishuka ngazi, wodi hizo nazo zina zamu tatu tatu, na kila zamu ina kanuni zake.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa hali Jumatano saa sita mchana: kila mtu wodini aliweza kuirudisha kengele, isipokuwa yule aliyejua kwamba haipo.

Sista Mkuu, aliyeongoza zamu ya asubuhi, alikuwa mezani kwake, mwanamke mnene wa miaka thelathini na minne kazini, saa yake imening'inizwa kifuani kichwa chini. Mama Kanuni alichukua fomu tupu ya dawa, akaigeuza, akaziandika kanuni mbili moja chini ya nyingine, akamsogezea. Sista Mkuu akasoma. Akarudia kusoma. Mkono ukapanda wenyewe ukaishika ile saa.

"Anayejisogeza tumemnyamazisha."

"Ndiyo."

"Asiyejisogeza tumemnyamazisha."

"Ndiyo, dada."

"Amebaki nani?"

Nyuma yao mgonjwa wa kitanda cha kwanza aliomba maji, akapewa.

"Zifute zote mbili," alisema Mama Kanuni. "Wewe una ruhusa, mimi wamenifungia."

"Ya jioni si yangu. Unataka kesho wanifutie za kwangu?"

"Basi futa yako. Angalau anayejisogeza asikike."

Sista Mkuu akaikunja ile fomu mara mbili, mara nne, ikawa ndogo kama kidonge.

"Niifute leo? Siku mbili baada ya mwalimu? Aliyekuwa kazini ni mimi. Hiyo tume ikifungua itakuta jina langu, tarehe na saa. Nimebakiza miezi minne nistaafu, Mama Kanuni. Nikiifuta, nimesema mimi ndiye niliyemuua."

"Na usipoifuta?"

"Nisipoifuta..." Akatazama upande wa ngazi za kwenda chini, kulikokuwa na ubao. "Nisipoifuta, ni ugonjwa aliokuja nao." Akaiweka fomu mfukoni. "Nitawaambia wasichana wawe wanapita kutazama namba. Ndicho ninachoweza."

Na kweli walipita. Saa ya kwanza walipita kila robo saa. Saa ya pili wakapita mara mbili. Baada ya hapo kulikuwa na sindano za kuchoma, shuka za kubadilisha na simu za kupokea, na hawa walikuwa watu ambao kwa miaka mitano walikuwa wamezoea kwamba jambo likiwa la maana litawaita lenyewe.

Alhamisi saa saba Mama Kanuni alikuwa wa kwanza mlangoni. Alivuta kigoda, akakiweka si mbele ya mumewe bali mbele ya ile skrini ndogo iliyo juu ya kichwa chake. Tisini na tatu. Tisini na mbili. Tisini na tatu.

"Miaka ishirini na minane ya ndoa," alisema mumewe, "leo ndiyo mara ya kwanza umenikazia macho hivi. Kumbe unatazama televisheni."

"Nisikilize. Hiyo namba ikishuka chini ya tisini, upige kelele."

"Nikishuka chini ya tisini, pumzi ya kupiga kelele nitaikopa kwa nani?"

"Nakuambia kweli, baba watoto."

Mumewe akamtazama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akaona uso wake. Hakuuliza. Alikuwa fundi kufuli. Alijua mtu anavyoonekana anapofungiwa nje ya mlango aliouweka mwenyewe. Ili kumchangamsha akaanza kumsimulia habari za mteja mmoja aliyetaka stoo yake ifungwe kufuli tatu, halafu akazifungia funguo zote tatu ndani. "Ananiambia, fundi, njoo haraka, na mimi namwuliza, haraka ya nini, si umeshasema mali yako iko sala..."

Hakumaliza. Kichwa kiliegemea mto, kwa utulivu, kama mtu anayetafuta neno.

Themanini na tisa. Themanini na sita.

Wodi ilikuwa imejaa watu. Kitanda cha nane familia nzima ilikuwa inabishana kuhusu paa la nyumba. Hatua tatu kutoka pale muuguzi alikuwa amewapa mgongo anakunja shuka, anaimba kwa kupiga mluzi. Themanini na tatu. Midomo ya mumewe ilikuwa inageuka rangi ya wino. Na Mama Kanuni akakaa pale kwenye kigoda chake, mikono imeshika magoti, akafanya jambo ambalo hakuja kumwambia mtu: alingoja kengele. Yeye aliyeona kwa macho yake mahali ilipokatwa. Alingoja sekunde mbili, labda tatu, kwa sababu ilikuwa haijalia, na kitu fulani ndani yake kilikuwa kinasema kwamba kama haijalia basi bado.

Themanini. Ndipo akapiga ukelele.

Yule muuguzi akaangusha shuka. Sista Mkuu alitoka mezani mbio, saa inaruka kifuani, akamwinua mgonjwa kwa mkono mmoja, kwa mwingine akambana kinyago cha hewa, akaamuru hiki kiletwe na kile kifunguliwe. Familia ya kitanda cha nane iliacha habari za paa. Sabini na sita. Sabini na sita. Sabini na tisa. Kisha namba ikaanza kupanda, taratibu, kwa ukaidi uleule ilioshukia. Ilipofika tisini na moja mumewe akafumbua macho, na Mama Kanuni akagundua kwamba kidole alichokuwa amekishika tangu apige ukelele kilikuwa cha moto. Hakikuwa kimepoa. Kibanio hakikuwa kimeteleza.

Sista Mkuu alisimama akiwa anahema. Akafuta mikono yake kwenye sare, akarudi mezani pole pole bila kumtazama mtu, akavaa miwani. Aliandika kwa vidole viwili, kama walivyojifunza wote wa umri wake. Alifuta ya arobaini na moja. Halafu, wa kwanza tangu lugha ile itungwe, akafuta kanuni ya zamu nyingine, akabonyeza kitufe.

Kompaila iliamka, ikazisoma kanuni sitini na moja zilizobaki, ikaona kwamba sasa kuna njia ya kufika kwenye kengele, ikaiandika upya mahali pake bila kinyongo. Ilichukua chini ya sekunde moja.

Sauti ya kwanza ilitoka kitanda cha pili, kali, kiasi kwamba wageni waliziba masikio. Muuguzi akakimbia: kibanio kilikuwa kimeteleza. Ikafuata ya kitanda cha kumi na moja: kibanio. Watu wakaanza kucheka, kicheko cha watu waliotoka kuogopa. Kisha kikalia kitanda cha nne. Huko alikuwa ameketi mshonaji mmoja, kijana, hana mgeni, ameinama anajaribu kuvaa kandambili. Muuguzi akakishika kidole chake, akakigeuza, akakiachia. Kibanio kilikuwa sawasawa. Kidole kilikuwa cha moto. Sabini na nane.

"Nimechoka kidogo tu tangu juzi," alisema mshonaji. "Sikutaka kusumbua. Ilikuwa haijalia."

Hakuna aliyecheka tena.

Mshonaji alipona, na fundi kufuli pia. Jumamosi alimalizia hadithi ya kufuli tatu, na haikuwa nzuri kama ilivyotarajiwa. Sista Mkuu aliitwa ghorofa ya juu siku ya Ijumaa, akashauriwa aanze likizo yake ya kustaafu mapema, kwa afya yake. Mama Kanuni hakurudishiwa ruhusa ya kuandika, maana tume ilikuwa haijaanza. Ruhusa ya kusoma alikuwa nayo, na aliitumia kila asubuhi. Zamu ya jioni ilikuwa imekuta wodi ina makelele na kanuni yao haipo, na walikuwa na kazi nyingi. Kufikia Jumatatu kanuni zilikuwa sitini na nne.

Tume ilikaa siku moja. Wajumbe watatu walipanda wodini, mmoja wao akabonyeza kitufe cha majaribio, ambacho waya wake huenda moja kwa moja kwenye spika bila kupitia programu yoyote, na kengele ikalia vizuri sana. Waliandika. Ripoti yao ilithibitisha tangazo la Uongozi neno kwa neno, ikaongeza pongezi kwa kasi ambayo mgonjwa wa kitanda namba tisa alihudumiwa nayo Alhamisi, na ikaambatanishwa na jedwali la kumbukumbu za mfumo, siku kwa siku. Safu ya kulia, yenye kichwa *Kengele za oksijeni zilizoshindwa kulia*, ina sifuri toka juu hadi chini. Safu ya kushoto kwake, yenye kichwa *Kengele za oksijeni zilizoamriwa kulia*, nayo ina sifuri, kwa siku tisini na nne mfululizo, mpaka Alhamisi saa saba na dakika arobaini.